Skrini kwanza, programu baadaye: jibu kwa mpiga picha wa Wete

Swali limetoka Wete, Pemba. Dada mmoja anayepiga video za harusi ameombwa na kikundi cha taarab awarushie picha kwenye skrini nyuma ya wapigaji watakapokuja kupiga Ngome Kongwe, Unguja, mwezi wa Februari, na baada ya hapo kwenye kumbi za harusi. Ana laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya NVIDIA ya GB 4, ana kamera yake, na ametenga shilingi milioni moja na nusu. Anauliza juu ya programu za kuchezea picha hizo na kontrola, yaani kifaa cha mkononi cha kuziongozea: "Ninunue programu gani, Resolume au TouchDesigner, au hizi za bure zinatosha? Kontrola gani? Na niwaambie waandaaji watafute projekta au skrini ya LED?"

Waalaykum salaam dada yangu. Hizo pesa zikae kwanza. Katika yote uliyouliza, programu ndiyo jambo jepesi zaidi, na watu wengi huanza nayo kwa sababu ndiyo inayopendeza kuzungumzwa. Wewe anza na simu kwa mwandaaji. Muulize skrini ni ya aina gani, ina pikseli ngapi kwa upana na kwa kimo, na meza yako itakuwa umbali gani kutoka hapo ilipo. Akikujibu "skrini kubwa, usijali", muombe namba ya fundi wa skrini uzungumze naye mwenyewe.

Nikuonyeshe kwa nini nasisitiza. Tuseme wamekodi LED ya P3.9, aina inayokutikana sana kwenye maonyesho. Hiyo 3.9 ni umbali wa milimita kutoka nukta moja ya taa hadi nyengine. Paneli yake ya sentimita 50 kwa 50 ina nukta 128 kwa 128. Skrini ya upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 inakula paneli 6 kwa 4, kwa hivyo picha nzima ni pikseli 768 kwa 512. Basi, hakuna zaidi. Picha ya Full HD, ile ya 1920 kwa 1080, ina pikseli zaidi ya mara tano ya hizo. Ukitayarisha klipu zako zote kwa Full HD au 4K, laptopu yako itatoka jasho usiku kucha kwa pikseli ambazo hakuna atakayeziona. Ukizitayarisha kwa 768 kwa 512, mashine hiyo uliyonayo itabeba leya (tabaka za picha juu ya picha) tatu nne bila kuhema.

Namba hiyo hiyo inakwambia pia uchore nini. Umesema unataka kutumia kanga. Wazo zuri, lakini skrini yenye pikseli 512 kwa kimo haiwezi kuonyesha kanga nzima pamoja na vidoto vyake vyote; itakuwa uji wa rangi. Chukua mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, peke yake, ukuze ua moja lijae skrini. Pindo liweke kama fremu inayotembea polepole sana pembeni. Na jina la kanga, ule msemo wake, ukitaka lisomeke na aliyekaa nyuma, lipe mstari wake peke yake, herufi nene, zisipungue pikseli 60 kwa kimo. Jaribu nyumbani: ipunguze picha kwenye laptopu iwe 768 kwa 512, halafu simama mwisho wa chumba. Usichokiona hapo, na kule hakitaonekana.

Kuna mtego mmoja wa LED unaowakuta wengi siku ya kwanza. Prosesa za skrini hizi, vifaa vinavyopokea picha yako na kuigawia paneli, mara nyingi huwa zimewekwa zichukue kona ya juu kushoto ya picha yako, pikseli kwa pikseli. Wewe unatuma 1920 kwa 1080, prosesa inakata kipande cha kona tu, na watu wanaona sikio la mwimbaji. Si ubovu. Ama uiweke picha yako ndogo kwenye kona hiyo hiyo, ama fundi aikuze na kuipunguza kwenye prosesa yake. Jambo la dakika mbili, mradi lifanywe mchana. Na ukiwa naye, muombe ashushe mwangaza hadi asilimia 20 au 30. Mafundi wengi huiacha skrini juu kwa sababu inavutia, matokeo yake mwimbaji anageuka kivuli cheusi kama aliyesimama mbele ya dirisha. Wapigaji wa taarab wengi hukaa kwenye viti, hawaruki huku na huku. Wakipotea gizani wamepotea.

Projekta je? Kwa Ngome Kongwe sikushauri, isipokuwa iwe kubwa khasa. Hesabu yake ni hii: gawa lumeni za projekta, yaani kipimo cha mwanga wake, kwa mita za mraba za picha. Projekta ya ofisini ya lumeni 3,500 ikirusha picha ya mita 4 kwa 2.25 inagawa mwanga wake kwenye mita 9 za mraba, ambayo ni kiasi cha lumeni 390 kwa kila mita ya mraba. Taa za jukwaa zinamwaga zaidi ya hapo bila taabu, na picha yako inafifia kama imefuliwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe usiopakwa chokaa nao hunywa mwanga, haurudishi. Tena Februari jua la Unguja linazama kama saa moja kasorobo, kwa hivyo kabla ya saa moja na nusu huna picha ya maana. Kwenye ukumbi wa harusi wenye ukuta mweupe na taa unazoweza kuzipunguza, hapo projekta inafaa sana, na inaleta upole ambao LED haina. Ila usitoboe wala kupigilia kitu kwenye jengo lolote la Mji Mkongwe. Kule kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mji wenyewe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Kila kitu kisimame kwa miguu yake.

Sasa klipu, na hapa tusikimbie, maana ndipo palipo na nusu ya matatizo yanayosingiziwa laptopu.

Video inayotoka kwenye kamera au simu yako kwa kawaida ni H.264. Kodeki hii, yaani njia ya kubana video, huhifadhi fremu chache tu kwa ukamilifu. Zilizobaki inaandika kilichobadilika kutoka fremu moja hadi nyengine. Ndiyo maana faili ni dogo. Ukiicheza mwanzo mpaka mwisho haina neno. Lakini jukwaani wewe utaikatiza, utairudisha, utaicheza kinyumenyume, utaweka nyengine juu yake. Kila ukiruka, kompyuta inabidi irudi hadi fremu kamili iliyo karibu, halafu ijenge moja moja mpaka ifike pale ulipotaka. Hapo picha inaganda, nawe unamlaumu aliyekuuzia laptopu.

Dawa ni kodeki ambazo kila fremu imejitegemea na kazi ya kuifungua inafanywa na kadi ya picha. Ya Resolume inaitwa DXV. Nyengine inayotumika na programu nyingi ni HAP. Resolume wanatoa bure programu ndogo ya kubadilisha, Alley, unaburuta faili unapata DXV. Gharama yake ni nafasi: dakika moja ya Full HD inaweza kufika gigabaiti moja na zaidi. Hiyo ni sababu nyengine ya kutengeneza klipu kwa ukubwa wa skrini halisi. Nunua diski ya SSD ya nje, ya USB 3, uweke kazi za onyesho tu. Flashi za Darajani waachie watu wa muziki wa kwenye gari.

Na kwa kuwa laptopu yako ina NVIDIA, hakikisha inatumika. Laptopu za namna hiyo zina vichwa viwili vya picha, na Windows hupenda kuipa programu kile dhaifu ili betri idumu. Nenda kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya grafiki, uitaje programu yako na uichagulie kadi yenye nguvu. Nimeona watu wananunua laptopu mpya kwa kutokujua kitufe hicho.

Tuje kwenye kontrola. Programu nyingi za kazi hii zimekulia kwenye klabu za Ulaya, penye mashine ya midundo isiyochoka wala kubadilika. Ndiyo maana ukiifungua tu, kitu cha kwanza juu ni BPM, idadi ya midundo kwa dakika, na kila mafunzo ya video utakayoyaona yanakufundisha kufungamanisha picha na mdundo. Kwa DJ wa zenji flava au singeli, sawa, tena kuna Ableton Link ya tangu 2016 inayounganisha programu mbili kwenye mtandao mmoja zikaenda pamoja. Kwa taarab yenye kinanda cha umeme na mdundo wa mashine pia inawezekana.

Lakini kikundi chako umesema kina fidla, udi, kanuni, akodiani na dumbaki. Hapo hakuna mashine. Wataanza na bashraf, haina maneno, inapanda taratibu. Kisha mwimbaji anaingia, anavuta neno, wapigaji wanamsubiri, wanarudi naye. Wimbo mmoja unaweza kupita dakika kumi. Picha inayoruka kwa BPM ndani ya muziki huo inaonekana kama mgeni aliyeingia harusi siyo yake. Zima BPM kabisa. Unachohitaji ni mkono wako uwe kwenye kitelezi, unaupandisha na kuushusha mwanga huku unasikiliza, namna ile ile fundi wa sauti anavyofanya na mixa yake.

Kwa hivyo kontrola yako iwe na vitelezi kabla ya kuwa na vitufe vya kumeta. Korg nanoKONTROL2 ina vitelezi 8 na vinobu 8, inaingia kwenye mkoba, inakula umeme wa USB. Akai APC mini ina vitelezi 9 na padi 64 za kurushia klipu. Kwako naiona ndiyo hasa. APC40 mkII ni chombo kinachopendwa sana na VJ, warushaji picha jukwaani, kina vinobu vingi, lakini ni kikubwa na bei imesimama, kisubiri. Launchpad ya kawaida ya Novation ni padi tupu, nzuri kwa singeli, kwako si ya kwanza. Kuna wanaotumia simu au tableti na TouchOSC, programu inayoigeuza kuwa kontrola, kupitia Wi-Fi. Ni rahisi, ila kioo hakina kitu cha kushika: lazima ukitazame, na macho yako yanatakiwa jukwaani.

Vipange hivi: vitelezi vya leya upande wa kushoto, mwanga wa jumla kitelezi cha mwisho kulia, na padi moja ya pembeni ipe rangi nyekundu iwe ya giza, ukiigusa skrini yote inazimika. Padi hiyo utaitumia kuliko unavyodhani. Adhana ya Isha ikiingia muziki unasimama, na skrini inayoendelea kucheza maua peke yake ni utovu wa adabu. Na watu wanapoinuka kumtunza mwimbaji, mama anapita katikati ya viti anacheza na noti mkononi, shusha mwanga hadi robo. Wakati huo picha ni yeye.

MIDI, lugha ya vifaa hivi tangu 1983, kwa kawaida inahesabu kutoka 0 hadi 127. Ukikishusha kitelezi polepole mno gizani, jicho linaweza kuziona ngazi. Kwa mabadiliko ya sekunde kumi na zaidi usitumie kidole. Iwekee programu yenyewe muda wa kuhama kutoka klipu hadi klipu, uguse padi mara moja, uiache ifanye.

Kamera yako ndiyo mali yako kubwa kuliko yote uliyoyaorodhesha, nawe hukuiulizia hata kidogo. Vidole vya mpiga kanuni vikikuzwa mita mbili, na vile vijiti vya kukwarua alivyovivaa kwenye vidole vya shahada, havina klipu ya kuvipita. Nunua kadi ndogo ya USB ya kupokea HDMI, uiingize kamera kama leya ya kawaida. Weka fremu 25 na shata 1/50, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za ukumbini zitapepesa ukienda kinyume.

Tatizo lake ni kuchelewa. Kamera, kadi, laptopu na prosesa kila mmoja anachukua fremu zake, na jumla inafika kirahisi sehemu ya kumi ya sekunde. Aliyekaa mbele ataona kidole cha kwenye skrini kinagusa uzi baada ya sauti. Aliyekaa mita 34 nyuma haoni kasoro yoyote, kwani sauti nayo inachukua muda huo huo kumfikia. Kwa wa mbele fanya ujanja: usionyeshe fidla na dumbaki kwa ukaribu kwenye vipande vya haraka. Onyesha uso, mkono uliotulia, au ipunguze kasi picha makusudi na uichanganye na pindo la kanga, iwe wazi kwamba si kioo cha jukwaa.

Na kumbi za harusi, wewe unazijua kuliko mimi. Wanawake wanavua mabuibui wakiwa wamejihakikishia kwamba hakuna jicho la nje. Kamera iliyounganishwa na skrini isigeuzwe kwa hadhira bila ruhusa ya mwenye shughuli, hata kwa utani. Kabla hujaanza, angalia programu isiwe inarekodi. Kwenye OBS, programu ya bure nitakayoieleza chini, kitufe cha kurekodi kimekaa palepale karibu na vyengine, na mkono unateleza. Kwa kuwa wewe ni mwanamke unayekubalika ndani, kazi hii kule inaweza kuwa yako peke yako, na neno moja baya litaifunga milango yote kuanzia Wete hadi Mkoani.

Sasa ndiyo programu. TouchDesigner iache kwa mwaka huu. Ni ya kujenga chombo chako mwenyewe kutoka sifuri, inataka miezi ya kujifunza, na toleo lake la bure lina mipaka miwili: picha haizidi pikseli 1280 kwa 1280, na halitakiwi kutumika kwa kazi ya malipo. VDMX utaisikia ikisifiwa, ila ni ya Mac tu.

Resolume, kutoka Uholanzi, ina matoleo mawili. Avenue kwa miaka mingi imekuwa ikiuzwa euro 299, Arena euro 799. Tofauti kubwa ni kwamba Arena inakupa uwezo wa kupiga picha juu ya majengo yenye maumbo, kuunganisha projekta kadhaa ziwe picha moja, na kuzungumza na taa za jukwaa kwa DMX, lugha ya kuziongozea. Wewe una skrini moja ya mstatili. Avenue inatosha, na hiyo nayo inakula zaidi ya nusu ya bajeti yako. Kwa bahati nzuri unaweza kuipakua ukafanyia mazoezi bila kulipa na bila kuhesabiwa siku. Inachofanya ni kubandika nembo yake kwenye picha na kutia sauti yake. Basi ifanyie mazoezi Wete mpaka mkono uizoee, ukilipwa malipo ya mwanzo ya onyesho ndipo ununue. Ukinunua unapata maboresho ya mwaka mmoja, na baada ya hapo toleo ulilonalo linaendelea kufanya kazi, halifungwi.

Kwa harusi, anza na OBS. Ni ya bure, halali kwa kazi ya malipo, inapokea kamera, inacheza video, inaweka majina ya bwana na bibi harusi, na inaweza kutoa picha kwenye skrini ya pili ikiwa imejaa. Haina mchezo wa leya na athari kama Resolume, lakini maonyesho mengi ya ukumbini hayahitaji hayo.

Waya, nimeuacha mwisho na ndio unaokatisha maonyesho. HDMI ya kawaida ya shaba uiamini hadi mita 10, labda 15. Meza yako ikiwa karibu na fundi sauti mbele ya jukwaa, hiyo haitoshi. Badilisha kuwa SDI, waya wa video wa mafundi, ambayo kwa kebo nzuri inafika mita 100 hivi kwa Full HD, au vibadilishaji vya HDBaseT kwa waya wa mtandao wa Cat6, nao masafa kama hayo. HDMI isiyo na waya usiikubali: mchana inafanya kazi vizuri, usiku wakiingia watu mia tano na simu zao inakufa. Kama bado inakusumbua, hamisha laptopu ukae ubavuni mwa jukwaa.

Umeme unaujua. Laptopu ina betri, projekta haina, na ya taa ya kawaida ikizimika ghafla ikiwa moto inaumia. Iwekee UPS (betri ya akiba) ndogo ili ipate muda wa kupoa. Ukichukua sauti kutoka kwenye mixa kwenda kwenye laptopu na ukasikia mng'uruno kwenye spika, chomoa chaja kwanza kabla hujamgombeza mtu. Mng'uruno ukikoma, chanzo ni chaja: irudishe, na katikati ya mixa na laptopu weka kisanduku cha DI chenye transfoma, cha kutenganisha umeme wao. Kwenye Windows zima masasisho, WhatsApp, sauti za arifa na kulala kwa skrini, na uchague kupanua skrini badala ya kuirudufu, ili hadhira isione mshale wako ukitafuta faili.

Kwa hiyo fedha yako igawe: APC mini, SSD, kadi ya kupokea kamera, na waya kwa urefu utakaotajiwa. Vifunge vyote kwenye sanduku linaloziba, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, maana chumvi ya bahari haina subira na ncha za HDMI. Ukishapata vipimo vya skrini kwa fundi wao, niandikie pikseli ngapi kwa ngapi na mita ngapi za waya, nikutajie aina ya kibadilishaji kabla hujapanda boti.